Kushusha gari kwa barabara zetu: springi fupi au koilova? Mwongozo kamili kwa dereva wa Nakuru na magharibi

Ukikaa Section 58 na kazi yako iko Kenyatta Avenue, unaweza kushusha gari lako kidogo na ukaishi nalo vizuri mwaka mzima. Ukikaa ndani ndani kule Kiamunyi, ambako lami huisha na kipande cha mwisho ni maramu iliyochimbwa na mvua, hesabu ni nyingine. Na ukiwa mtu wa kwenda ushago kila Desemba, Busia, Mumias au Siaya, gari limejaa watu, magunia na mtungi wa gesi, hesabu hiyo inabadilika tena. Picha za magari ya Japani kwenye simu hazitakusaidia kuipiga.

Msimamo wangu nautoa mapema ili usisome ukikisia. Kwa wengi wetu, springi fupi zilizofungwa pamoja na shoki zinazolingana nazo zinatosha, na kushuka kusizidi milimita 30. Koilova inalipa pale ambapo gari linahitaji vimo viwili tofauti kwa mwaka, na mwenye gari yuko tayari kuisafisha nyuzi zake. Koilova ya bei rahisi isiyo na jina wala vipuri ni mbaya kuliko springi nzuri. Sababu zinafuata.

Kwanza, vitu vyenyewe

Springi fupi ni koili iliyotengenezwa kiwandani ikiwa fupi na ngumu kidogo kuliko ile iliyokuja na gari. Unatoa ya zamani, unaweka hiyo, gari linashuka kwa kimo alichoamua mtengenezaji: milimita 20, 30, wakati mwingine 40. Hakuna cha kurekebisha. Eibach, H&R, Tein na RS-R ni majina utakayoyasikia. Ugumu umeongezwa makusudi: gari likikaa chini, nafasi ya shoki kuzama imepungua, kwa hiyo springi lazima ianze kuzuia mapema.

Koilova ni shoki na springi zilizobuniwa pamoja, mwili wa shoki ukiwa na nyuzi kama za bolti nene. Kwenye nyuzi hizo kuna kola. Ukizungusha kola, kikalio cha springi kinapanda au kushuka, na gari linafuata.

Ila koilova ziko za aina mbili, na wauzaji wengi hawakwambii. Ya kwanza ina kola ya springi peke yake. Kila milimita unayoshusha gari, umeipunguza kwenye nafasi ya shoki ya kuzama, sawa na vile springi fupi inavyofanya. Tein Street Basis Z iko kundi hili, na shoki yake haina kitufe cha ugumu. Ya pili ina nyuzi hadi chini, na kikombe cha chini kinachoshika gurudumu kinazungushwa pekee yake. Kwa hii unabadilisha kimo bila kugusa springi na bila kula mwendo wa shoki. Tein Flex Z na BC Racing BR ziko hapa. Flex Z ina ngazi 16 za ugumu wa shoki, BR ina 30. Ukiamua kununua koilova kwa ajili ya matuta yetu, nunua hii ya pili au uache.

Kuna jambo moja fundi wengi watakubishia. Watu husema ukikaza kola gari linakuwa gumu. Kwa springi ya kawaida yenye ugumu ule ule kutoka juu hadi chini, haliwi gumu. Gari linapanda tu, kwa sababu uzito unaoikalia springi ni ule ule. Unachopoteza ni mwendo wa gurudumu kushuka likikuta shimo, ndipo unasikia gari linapiga "tak!" na kudhani ni ugumu.

Kuhusu kukata koili kwa grainda, nitapita haraka. Koili yenye mizunguko 6 inayofanya kazi, ukikata mmoja inakuwa ngumu kwa asilimia 20, lakini hakuna aliyepima kama shoki yako inaweza kuituliza. Ncha iliyokatwa haikai vizuri kwenye kikalio chake. Gurudumu likining'inia, koili inalegea na inaweza kuchomoka mahali pake. Kuichoma kwa gesi hadi ikae chini ni kubaya zaidi, kwa kuwa chuma cha springi hupoteza ugumu wake kikipata moto mwingi na kitaendelea kushuka chenyewe. Fundi akikupendekezea mojawapo, mshukuru na uondoke.

Hatua ya 1: Pima gari kabla ya kumpigia muuzaji simu

Egesha mahali tambarare. Sakafu ya kituo cha petroli asubuhi, kabla foleni haijaanza, inafaa sana. Tairi ziwe na upepo sahihi, tangi nusu, buti tupu. Chukua tepu ya fundi mbao, pima wima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa madigadi juu yake, magurudumu yote manne. Usipime kutoka ardhini hadi madigadi, maana tairi iliyoisha itakudanganya. Andika namba hizo kwenye karatasi, usiziache kichwani.

Gari la mtumba lenye miaka kumi na kitu mara nyingi utakuta kona moja iko chini kuliko mwenzake. Hapo springi imechoka au imevunjika ncha, na ni afadhali ujue sasa kuliko kulaumu springi mpya baadaye.

Kisha lala chini na utafute kitu kilicho chini kabisa. Aghalabu huwa ni ekzosi, au kava la plastiki chini ya injini, au krosmemba, yaani chuma kinachokingama chini ya injini. Bampa huwa juu ya hivyo. Pima hapo hadi ardhini. Axio, Fielder na Premio nyingi hukaa kwenye milimita 150 hadi 160 hivi zikiwa tupu. Forester iko 200 na zaidi, ndiyo sababu mtu anaweza kuishusha Forester milimita 40 na bado akapita mahali ambapo Premio isiyoguswa inakwaruza.

Namba nyingine ya kujua: ukaguzi wa magari Japani hudai nafasi isiyopungua milimita 90 kati ya gari na barabara, na koilova nyingi za Kijapani zimebuniwa zikiufuata mpaka huo. Milimita 90 za Yokohama hazipiti Bondeni.

Kumbuka tairi pia. Ukitoka kwenye 195/65R15 ukaweka rimu kubwa na tairi ya 205/45R17, gari limeshuka milimita 9 hata kabla hujagusa springi. Wengi husahau kuzihesabu, halafu wanashangaa gari la milimita 30 linakwaruza kama la 40.

Hatua ya 2: Pima tuta lako kwa mbao mbili na kamba

Hii ndiyo hatua inayoamua kila kitu, na sijaona gereji inayoifanya. Tuta la kitaalamu huwa na kimo cha sentimita 7 hadi 10 na upana wa karibu mita 3.7, kwa hiyo gari hupanda na kushuka polepole. Matuta ya mtaani yaliyomwagwa na wenyeji baada ya mtoto kugongwa hayafuati kipimo chochote. Mengine ni membamba na makali kama mgongo wa ng'ombe aliyekonda.

Tafuta tuta baya kuliko yote unayopitia kila siku. Kata vipande viwili vya mbao, kila kimoja kimo chake kiwe sawa na nafasi ya chini utakayobaki nayo ukishusha. Tuseme gari lako lina 155 na unataka kushuka 30: mbao ziwe za milimita 125. Simamisha kipande kimoja upande huu wa tuta na kingine upande ule, umbali kati yao uwe sawa na umbali kati ya gurudumu la mbele na la nyuma. Kwa Fielder yenye namba ya modeli E140 ni mita 2.6. Nyoosha kamba juu ya mbao hizo, ivute hadi ikaze, kisha pima nafasi kati ya kamba na kilele cha tuta.

Kamba ikigusa tuta, jibu umelipata na hakuna koilova itakayokuokoa. Ikibaki na milimita 20, jua kwamba watu wanne na mwendo wa kawaida wa gari kuzama vitazimaliza. Mimi hutaka nione angalau 40 zimebaki. Fanya kazi hii Jumapili asubuhi, na mtu mmoja asimame kutazama bodaboda, maana hao hawangoji kamba.

Kwa anayependa hesabu: gari la mita 2.6 lenye nafasi ya milimita 150 katikati linaweza kupita juu ya mgongo wenye pembe ya digrii 13 hivi. Ukibaki na 110 pembe hiyo inakuwa chini ya digrii 10. Umepoteza robo nzima kwa sentimita 4.

Angalia pia mahali ambapo malori mazito hupanda polepole, kama Sachangwan kuelekea Mau Summit. Lami ikibonyea chini ya magurudumu yao, katikati hubaki mgongo mrefu. Tuta unalivuka kwa sekunde moja, lakini mgongo huo unaweza kukusindikiza mbali.

Hatua ya 3: Hesabu mzigo wa Desemba

Springi laini ya nyuma, tuseme ya kilo 2.5 kwa milimita kila upande (yaani kila kilo 2.5 huibonyeza milimita moja), ukiongeza kilo 150 juu ya ekseli hiyo gari linashuka milimita 30. Ukiweka springi za kilo 5, mzigo ule ule unashusha milimita 15 tu. Kwa hiyo gari lililoshushwa kwa springi ngumu linaweza, likijaa watu, kukaa karibu sawa na gari la kawaida lililojaa. Wauzaji hawalitaji jambo hili na wapinzani wa kushusha magari hawalijui.

Bei yake unailipa mwilini. Springi ya kilo 8 kwenye maramu ya Butere, mama mkwe akiwa kiti cha nyuma, si safari ya kujenga undugu. Kwa gari dogo la familia huku kwetu, nyuma isizidi kilo 4 au 5, na mbele iwe karibu na hapo kulingana na uzito wa injini.

Kwa msafiri wa aina hii ndipo koilova huonekana kuwa na maana: chini miezi kumi na moja, juu mwezi mmoja. Lakini uliza kwa unyofu utakuwa ukifanya hivyo au la. Kubadilisha kimo ni kuinua gari kwa jeki, kutoa magurudumu manne, kulegeza kola za kufungia, kuzungusha, kupima kila kona, kufunga, kisha kwenda kupima alaimenti upya. Mara mbili kwa mwaka. Wengi niwajuao walirekebisha siku ya kufunga na hawakurudia tena. Hao walilipa pesa za koilova wakapata springi fupi.

Hatua ya 4: Jua muundo wa gari lako

Impreza zenye namba za modeli GD na GG zina shoki aina ya MacPherson (shoki na springi kwa pamoja, ikishika gurudumu wima) mbele na nyuma, wakati GE na GH zilizoanza 2007 zilibadilishwa nyuma kabisa. Koilova ya nyuma ya moja haiingii kwenye nyingine, hata kama muuzaji anaapa. Mark X ya GRX120 na GRX130 ziulizwe kila moja kwa namba yake. Fielder na Axio za E140 zina boriti moja nyuma. Gari likiwa na springi kivyake na shoki kivyake, "koilova" ya nyuma ni springi fupi yenye kikalio cha kurekebisha, na shoki imesimama pembeni yake. Baadhi ya Forester zina shoki za nyuma zinazojiinua zenyewe mzigo ukiongezeka. Hizo hufanya kazi na springi zake maalum, kwa hiyo ukibadilisha springi badilisha na shoki.

Ukishafika chini ya gari, tazama loa amu za mbele, yaani mikono ya chini inayoshika magurudumu. Kwa MacPherson, amu inapotoka kwenye fremu kwenda kwenye gurudumu inapaswa kuelekea chini kidogo, au ilale sawa. Ukishusha mpaka amu inaelekea juu, kitovu cha kulala cha gari (nukta ambayo gari huizunguka likilala kwenye kona) hushuka kwa kasi kuliko uzito wake, na gari linaanza kulala zaidi kwenye kona kuliko lilivyokuwa kabla hujalishusha. Tairodi, fimbo ya usukani inayogeuza gurudumu, nayo hubadili pembe, hivyo ukikanyaga shimo usukani unavutwa wenyewe. Kwa magari mengi ya kawaida hali hiyo huanza baada ya milimita 35 au 40. Ndiyo sababu nyingine ya kusisitiza 30.

Hatua ya 5: Amua

Ikiwa gari lina kazi moja, barabara zako hazibadiliki, na kamba yako ilibaki na nafasi ya kutosha: springi fupi. Usizifunge kwenye shoki zilizochoka. Shoki ya kiwandani ikilazimishwa kufanya kazi chini ya kimo chake hupiga raba ya kikomo, ile inayoizuia isigonge mwisho, kila mara na kufa mapema. Seti zilizolinganishwa tayari zipo, kwa mfano Bilstein B12, ambayo ni springi za Eibach na shoki fupi za Bilstein kwenye kisanduku kimoja. Ukikosa seti, weka angalau shoki mpya za KYB na raba mpya za kikomo, na uchague springi isiyoshusha zaidi ya 25 au 30.

Ikiwa unaenda mashindano ya mwendo mfupi mara kwa mara, au gari hubeba mzigo tofauti sana, au rimu zako ni pana kiasi kwamba unahitaji kutafuta kimo kwa milimita: koilova ya nyuzi hadi chini.

Ikiwa kamba iligusa: acha gari lilivyo, tumia pesa kwenye shoki mpya na bushi mpya. Gari lenye bushi nzima linashika barabara vizuri kuliko lililoshushwa juu ya bushi zilizopasuka. Na hakuna aibu. Kule Naivasha, tangu Safari Rally irudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, magari ya mashindano huinuliwa kwa ajili ya njia zetu. Sisi tunaokwenda kuyatazama ndio tunaoshusha yetu.

Vipi kuhusu vumbi? Hili nalipa nafasi yake, kwa sababu ndilo linaloua koilova huku. Vumbi la Nakuru ni la volkano, laini kama unga, na hupenya popote. Ukienda upande wa Ahero na Kano unakuta udongo mweusi unaonata na kukauka kama saruji. Kwenye gereji moja ya jua kali hapa mjini nilimwona fundi akiwa na shoki ya Legacy kwenye jiliwa, nyuzi zimejaa udongo uliokauka na kutu nyeupe ya alumini. Aliweka spana ya ndoano kwenye kola, akavuta kwa mikono miwili, ikateleza. Akamwagia dizeli, akangoja, akachukua patasi na nyundo. Jino moja la kola likavunjika. Akainua kichwa akamwambia mwenye gari, "Bosi, hii ulinunua ya kurekebisha, lakini sasa ni ya kudumu."

Kinga ni rahisi lakini inahitaji nidhamu. Siku ya kufunga, piga brashi ya waya, paka grisi ya shaba kwenye nyuzi zilizo wazi, kisha zivalishe: soksi za nyuzi zinauzwa, na kipande cha mpira wa tairi ya baiskeli kilichofungwa kwa kamba za plastiki pia hufanya kazi. Kila baada ya mvua za Machi hadi Mei osha kwa maji yasiyo na presha kali, kausha, paka tena. Kola izungushwe nusu mzunguko na kurudishwa angalau mara moja kwa mwaka hata kama hubadilishi kimo. Usisahau alama ya wino kwanza ili uirudishe mahali pake.

Hatua ya 6: Kununua bila kuuziwa mbuzi kwenye gunia

Koilova za mtumba kutoka Japani ni nyingi na zinavutia. Soma maandishi kwenye springi. Namba kama 62-180-8 humaanisha kipenyo cha ndani milimita 62, urefu 180, ugumu kilo 8 kwa milimita. Kilo 8, 10 au 12 ilitengenezwa kwa lami laini au uwanja wa mashindano. Iache.

Kisha bonyeza rodi ya shoki hadi mwisho, ukiwa umetoa springi. Ikiwa ni ya gesi, irudi yenyewe polepole na kwa mwendo ulio sawa. Ikiruka sehemu moja au ikakwama, imekufa. Pitisha ukucha kwenye rodi. Ukihisi kishimo chochote, sili itakatwa ndani ya miezi. Zungusha kola zote kwa mkono mbele ya muuzaji. Isiyozunguka sokoni haitazunguka kwako. Tazama pia maunti za juu, vishikio vinavyofunga shoki kwenye bodi: zenye kitovu cha chuma huanza kugonga mapema kwenye vumbi letu, zenye raba hudumu.

Kwa springi mpya, namba ya bidhaa ilingane na namba ya modeli ya gari lako, injini, na kama ni ya magurudumu mawili au manne. Springi za Impreza ya injini ndogo hazifai yenye tabo.

Hatua ya 7: Kufunga

Hata kama fundi ndiye atafanya, simama hapo. Mwagia bolti mafuta ya kulegeza siku moja kabla. Gari likae juu ya stendi, kamwe lisikae juu ya mawe au jeki pekee. Legeza nati tatu za juu za maunti lakini usiguse ya katikati: hiyo ndiyo inashika springi iliyobanwa, na ikifunguka bila kibanio inaweza kuua mtu. Kibanio cha springi kiwe na ndoano mbili zinazotazamana, na kikazwe zamu kwa zamu.

Kabla ya kutoa shoki ya MacPherson, chora mstari kwenye bolti mbili za chini zinazoamua kemba (kiasi gurudumu linavyoinama ndani au nje), ili gari liweze kuendeshwa hadi kwenye alaimenti. Toa waya wa ABS na bomba la breki kwenye vishikio vyake kwanza. Usiache kaliper ya breki ining'inie kwa bomba. Piga picha mpangilio wa maunti, beringi na washa. Wakati wa kurudisha, ncha ya springi ikae kwenye hatua yake ya kikalio, na raba ya kikomo isikatwe isipokuwa mtengenezaji amesema hivyo.

Sasa jambo ambalo gereji nyingi hulikosea. Bolti za amu zenye bushi za raba zisikazwe gari likiwa juu na magurudumu yamening'inia. Zishike tu. Shusha gari chini, lisukume mbele na nyuma, kisha kaza likiwa limekaa kwa uzito wake. Ukizikaza juu, raba inakuwa imesokotwa wakati wote gari liko barabarani, na itapasuka. Halafu utaambiwa kushusha gari ndiko kulikoua bushi. Nati za magurudumu za Toyota nyingi ndogo ni nyutoni-mita 103. Tumia spana ya toki, usikubali mtu aruke juu ya spana.

Kwa koilova, anza na kimo cha juu kilichopendekezwa, sawa pande zote mbili, na kitufe cha ugumu katikati. Hesabu mibofyo kutoka mwisho mgumu kurudi nyuma, ndipo kulia na kushoto zilingane. Barabara ikiwa mbaya, punguza ugumu. Wengi hukaza wakidhani ndiyo mashindano, kumbe gurudumu linaruka juu ya mashimo bila kugusa lami.

Hatua ya 8: Baada ya kufunga

Endesha kilomita chache, pima tena kutoka katikati ya rimu hadi madigadi, linganisha na karatasi yako. Springi mpya hukaa chini kidogo zaidi wiki za kwanza, kwa hiyo alaimenti pimisha mara mbili: mara moja sasa ili usile tairi, na tena baada ya kilomita 500. Mwambie mpimaji unataka magurudumu yatazame mbele sawasawa na kemba isizidi digrii 1.5 hasi mbele. Tairi likiisha upande wa ndani watu hulaumu kemba, ila mara nyingi kosa ni magurudumu kutotazama mbele sawa. Akikuambia nyuma ya Fielder haina cha kurekebisha, hakudanganyi.

Zungusha usukani hadi mwisho kulia na kushoto huku mtu akibonyeza madigadi, usikilize kama tairi linagusa. Rudia watu wanne wakiwa ndani. Taa za mbele nazo zimebadilika. Zipime ukutani usiku, zisiangaze machoni mwa wenzako wala kuishia mita chache mbele yako.

Iandikie kampuni yako ya bima kuhusu mabadiliko hayo na ubaki na nakala. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inakataza kutumia barabarani gari ambalo hali au muundo wake ni wa hatari, kwa hiyo risiti za vipuri, karatasi ya alaimenti na vipimo vyako vya kabla na baada viweke kwenye gari. Afisa akikusimamisha, karatasi hizo ndizo za kumwonyesha.

Kwa kilomita 1,000 za kwanza, kila Jumamosi pitisha spana kwenye nati za juu na kola za kufungia, na utazame rodi za shoki kama kuna mafuta. Mlio wa "kok" ukikata kona polepole huwa ni linki ya stabilaiza au maunti ya juu. Ukiusikia kwenye kila kishimo kidogo, fungua utazame kikalio cha springi kabla ya safari ndefu.